Je, wajua kwa nini migomba ya matoke ina majina mengi lakini damu moja?

Pita na mama wa Masaka, Uganda, ndani ya shamba lake la migomba, naye atakutajia kila shina kwa jina. Nakabululu ni huu wenye ndizi fupi, nene, zilizobanana kwenye mkungu. Musakala una ndizi ndefu na chane zilizoachana. Nakitembe utaujua kwa maua makavu yanayong'ang'ania bila kudondoka. Mbidde utomvu wake mchungu, haupikwi. Ndizi zake hukamuliwa pombe, ile ambayo watu wa Bukoba huiita rubisi. Mwaka 1998 mtafiti Deborah Karamura aliipanga migomba ya Uganda kwa kutazama maumbo, akapata aina zaidi ya 80.

Vinasaba, hata hivyo, vina habari nyingine.

Mtafiti hukata kipande cha jani changa, lile lililojiviringisha katikati ya mgomba, akalisaga na kulisafisha hadi ibaki DNA tupu, yaani uzi wa vinasaba unaosomwa kama herufi. Haisomi yote. Hutafuta sehemu ambazo herufi zake zimejirudia, mfano GAGAGAGA, kama maneno ya mtu mwenye kigugumizi. Sehemu hizo huteleza kwa urahisi zinaponakiliwa, ikaongezeka au kupungua GA moja, kwa hiyo urefu wake hutofautiana kutoka ukoo hadi ukoo. Hapo ndipo zinapokuwa alama. Mashine ya PCR huzizidisha, kisha vipande hupitishwa kwenye jeli yenye umeme: kifupi hukimbia, kirefu hubaki nyuma. Kinachoonekana mwishoni ni mistari kama vipandio vya ngazi. Mimea ambayo mistari yake inalingana kwenye alama nyingi ni ya ukoo mmoja.

Migomba ya matoke ilipopimwa hivyo, mistari ililingana mno. Utafiti wa Mercy Kitavi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa yote imetokana na mgomba mmoja wa zamani.

Sababu yake ni kwamba mgomba huu una seti tatu za kromosomu, nyuzi zinazobeba vinasaba, badala ya mbili, hivyo ni nadra sana kutoa mbegu. Huenea kwa machipukizi, na chipukizi ni mama yuleyule aliyehamia shimo jipya. Tofauti tunazoziona zilitokana na mabadiliko madogo madogo ya DNA, na huenda pia jeni kuwashwa au kuzimwa. Wakulima ndio waliozigundua, wakang'oa chipukizi la mgomba uliowapendeza, wakalipa jina. Kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa ya kisayansi, tena iliyofanywa bila maabara.

Lakini majina hayazuii ugonjwa. Mnyauko wa bakteria ulipobainika Uganda mwaka 2001, hakuna aina ya matoke iliyokuwa na kinga dhidi yake.

Ndiyo maana watafiti wanaozalisha aina mpya hutafuta damu nje ya ukoo. Kiwangaazi, aina mpya ya mgomba iliyotolewa Uganda mwaka 2010, ina asili ya Calcutta 4, mgomba mwitu wa Asia. Kazi yenyewe ni ya subira: maua huchavushwa kwa mkono, mikungu mingi huiva bila mbegu hata moja, na ikipatikana moja, hupasuliwa maabara na kiini chake kikalelewa ndani ya chupa.