Kujifunza Jambo Jipya Uzeeni: Maswali na Majibu

Mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima akifikisha miaka 60. Wengi hutoka kazini wangali na nguvu, kisha ghafla siku inakuwa ndefu. Majibu haya ni kwa ajili yao, na kwa watoto wanaoishi nao.

Nina miaka 65. Kichwa changu bado kinaweza kushika kitu kipya?

Kinaweza. Umri hupunguza kasi, kwa hiyo hatua ambayo kijana huishika akionyeshwa mara moja, wewe utairudia mara kadhaa. Uwezo wenyewe haujaisha. Ubongo huendelea kujenga miunganiko mipya kati ya seli zake, na maarifa uliyokusanya maisha yako yote yanakupa pa kushikizia jambo jipya. Kenya ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, mzee Kimani Maruge aliyekuwa mpiganaji wa Mau Mau aliona mlango umefunguka. Mwaka 2004 akaingia darasa la kwanza Eldoret, akiwa na miaka 84.

Nichague shughuli gani?

Chagua unayoipenda, lakini iwe ngeni kwako na ikutoe jasho kidogo kichwani. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mzee aliyecheza bao tangu ujana anaburudika, na ni vizuri aendelee, ila hilo si somo jipya kwake. Kwa bibi ambaye hajawahi kuligusa, bao ni shule kamili: mashimo 32, kete 64, kujua namua (hatua ya kuingiza kete zilizo akibani) inakwisha wapi na mtaji (hatua ya kucheza kete zilizo ubaoni tu) unaanza wapi, na kuhesabu kete itakapoishia kabla ya kuicheza. Huyo mzee wa bao naye ajaribu kompyuta, kusuka ukili, kupiga kinanda au kupika vyakula ambavyo siku zote alipikiwa.

Watafiti wa Texas, Marekani, walilipima jambo hili kwa watu wa miaka 60 hadi 90. Baadhi walijifunza kushona mablanketi ya viraka au kupiga na kuhariri picha kwa kamera ya kidijitali, takriban saa 15 kwa wiki kwa miezi 3. Wengine walikutana kwa mazungumzo na matembezi tu. Waliojifunza ufundi ndio ambao kumbukumbu zao ziliimarika zaidi. Barazani tusiache kwenda, maana upweke nao unaumiza afya, lakini soga peke yake hazitoshi.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana kozi fupi. Lakini si lazima ulipe: jirani anayejua kufuma anaweza kuwa mwalimu mzuri kuliko yeyote. Nusu saa kila siku hukaa kichwani kuliko saa tano za Jumamosi moja.

Nilijaribu nikakata tamaa. Sioni tundu la sindano na mwalimu simsikii vizuri.

Basi tatizo si akili. Kuanzia miaka ya 40 lenzi ya jicho hukakamaa, na miwani ya kusomea hulitatua hilo. Ila pima macho kwanza, kwa sababu mtoto wa jicho na presha ya macho hutibiwa kwa njia nyingine. Masikio nayo yakaguliwe. Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba. Vidole vikiuma, fanya kazi kwa vipindi vifupi na utumie vifaa vyenye mpini mnene. Kama dawa unazomeza zinakulewesha usingizi, mwambie daktari, usiziache mwenyewe.

Na michezo ya mwili?

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa wazee mazoezi ya usawa wa mwili siku 3 au zaidi ili wasianguke. Kujifunza ngoma mpya kunafanya kazi mbili kwa pamoja. Ukipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha na umwone daktari.

Mama anataka kujifunza simu ya kisasa. Tumsaidieje?

Msimpokonye simu mkononi mkambonyezea. Najua mna haraka, lakini kinachofundisha ni kidole chake mwenyewe. Mpeni jambo moja kwa siku, mwandikieni hatua kwenye daftari kwa herufi kubwa, na akiuliza tena kesho mjibuni kwa upole uleule.

Je, nikijifunza mambo mapya sitapata ugonjwa wa kusahau?

Hakuna anayeweza kukuahidi hivyo. Jopo la wataalamu la jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 lilitaja visababishi 14 ambavyo, vikishughulikiwa vyote, takriban asilimia 45 ya demensia, yaani huo ugonjwa wa kusahau, ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni presha, kisukari, sigara, upweke, na usikivu au uoni hafifu usiotibiwa. Kwa hiyo fuma, chora, soma, na dawa ya presha umeze.

Kusahau mahali ulipoweka funguo ni jambo la kawaida. Kupotea njia uliyoizoea, kurudia swali lilelile kila baada ya dakika chache, au kusahau namna ya kupika ugali uliopika miaka yote, si uzee wa kawaida, na kamwe si uchawi. Nendeni kliniki. Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, apelekwe hospitali siku hiyohiyo: huenda ni maambukizi, sukari iliyoshuka au kiharusi, na kuwahi matibabu kunaweza kumwokoa.