Lundo la timboni lina ukuta ndani yake

Kila nikipita kwenye matimbo ya mawe huku Kilifi, jicho langu haliendi kwenye matofali ya matumbawe yaliyokatwa kwa msumeno, yakisubiri lori. Linakwenda kando, kwenye lundo la vipande vilivyovunjika pembe. Wachimbaji huviita uchafu. Mimi ni msanifu majengo, na pale naona ukuta.

Waliojenga mji wa kale wa Gedi, Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja hawakuwa na msumeno wa mashine. Walitumia vipande kama hivyo, kila kimoja na umbo lake, wakavishika kwa chokaa. Nguvu ilitoka kwenye unene, sentimita 45 au zaidi, na kwenye mpango: mawe makubwa pembeni mwa nyumba, na hapa na pale jiwe refu linalokamata uso wa nje na wa ndani kwa pamoja. Fundi akiliruka jiwe hilo, ukuta huachana katikati na kuwa ngozi mbili.

Ila unene unakula nafasi. Nyumba ya mita 10 kwa 8 kipimo cha nje, ukiijenga kwa kuta za sentimita 45 badala ya 20, inapoteza zaidi ya mita 8 za mraba ndani. Hicho ni chumba cha mtoto! Kwa hiyo sichori nyumba nzima hivyo. Ukuta mnene nauweka magharibi, unakopiga jua la alasiri, maana joto hukawia kuupenya. Kina cha dirisha nakifanya kiti, na ndani ya ukuta naacha zidaka za vitabu na taa.

Mawe ya nyumba zilizobomolewa nayapenda pia, lakini naangalia yaliunganishwa kwa kitu gani. Chokaa hubanduka kwa nyundo ndogo. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe lenyewe, na mara nyingi jiwe hupasuka kabla saruji haijaachia. Plasta ya jasi lazima iondolewe yote: jasi ikikutana na saruji mpya penye unyevu, kiungo huvimba na kupasuka. Na jiwe lililoshiba maji ya bahari siliweki kabisa karibu na nondo, kwa sababu chumvi hukitafuna chuma.

Jiwe la namna hii ni rahisi kulipata. Gharama iko kwenye siku za fundi, kwani kila kipande lazima akigeuze mpaka kikae. Ndiyo sababu kabla sijachora mstari wowote, naenda naye timboni, tunachagua kwanza mawe ya pembe na yale marefu. Tukiyahesabu hayo, ndipo najua ukuta utakuwa wa urefu gani.