Dai Davies, refa aliyesema "tumeshinda"

Mimi ni refa wa kriketi, na marefa tukikaa pamoja lazima atokee mtu wa kuleta stori ya Bradman, yule mpigaji hatari wa Australia, kutolewa kwa sifuri, bila mkimbio (pointi) hata mmoja, pale uwanja wa Oval, London, Agosti 14, 1948. Sawa, tunaijua. Ila uliza marefa wa mechi ile walikuwa nani, wote kimya. Mmoja alikuwa Dai Davies, Mwelshi wa Llanelli kule Wales, na huyu mzee mi namhusudu kuliko hata Bradman mwenyewe.

Kazaliwa 1896, mji wa chuma na mabati. Timu yao ya Glamorgan ilipandishwa ligi ya kaunti (ndo ligi kuu ya huko, timu za majimbo) 1921 na miaka ile ya mwanzo ilikuwa inachapwa tu, hela hamna, wachezaji wa kuokoteza. Sasa 1923 wanacheza na Northamptonshire pale Swansea, ghafla anahitajika mtu, wakamfuata Dai, na jamaa ndo kwanza katoka kupiga shifti mbili mfululizo kiwandani! Akaenda hivyohivyo, akapiga vizuri tu, na hakuondoka tena mpaka 1939. Ndani ya hiyo miaka kafikisha mikimbio zaidi ya 15,000, na kumrushia mpigaji mpira alikuwa anarusha pia.

Hapa lazima nieleze kitu. Kriketi ya Uingereza enzi hizo ilikuwa na matabaka, kuna waheshimiwa wanaocheza bila mshahara, hao wanaitwa Mister na wana chumba chao cha kubadilishia nguo, halafu kuna nyie mnaolipwa, mnaitwa jina la ukoo kavu na chumba chenu kipo kando. Dai alikuwa wa kulipwa. Na usimchanganye na Emrys Davies, naye wa Llanelli, naye Glamorgan, miaka ileile (nishawahi kukesha na karatasi za mechi nikijumlisha mikimbio ya Davies siye, we acha tu).

Vita vilipoisha akashika urefa, akachezesha mechi 23 za kimataifa.

Siku kumi baada ya ile ya Bradman, Agosti 24, yuko Bournemouth, Hampshire na Glamorgan, na Glamorgan wakishinda ni mabingwa kwa mara ya kwanza tangu waingie ligi. Imebaki wiketi moja, yaani mpigaji mmoja tu wa Hampshire wa kutolewa. Anayerusha ni Johnnie Clay, mzee wa miaka 50, aliyekuwepo tangu 1921. Mpira ukampiga mpigaji huyo, Knott, mguuni mbele ya vijiti anavyovilinda (mguu ukizuia mpira uliokuwa unaenda kuvigonga, refa anaweza kukutoa), Waelshi wote wakapiga kelele kumwangalia refa, na refa ndo huyo Dai wao. Kidole juu, yaani katoka. Inasemekana hapohapo akatamka kwamba huyo katoka na ubingwa tumechukua.

"Tumechukua"! Refa huyo! Leo ukithubutu unaitwa kamatini kabla hujavua kofia. Mi kamati hiyo ningeikacha.