Hamamu ya Kidichi: yasemwayo na yaliyopo

"Kidichi kuna chemchemi ya maji moto."
Hakuna. Unguja ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, hakina volkeno. Anayetaka maji yanayotoka ardhini yakiwa ya moto aende Songwe, Mbeya, au Maji Moto kando ya Ziwa Manyara. Kidichi ni hamamu, jengo la kuogea. Mjini Zanzibar, kwenye hamamu ya mtaa wa Hamamni, joto lilitokana na moto uliowashwa na kupitishwa chini ya sakafu.

"Hamamu hizi zote alijenga Sultani mmoja."
Ya Kidichi ni ya Sayyid Said bin Sultan, mwaka 1850, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrazad. Ya Hamamni ni ya mwanawe, Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, nayo ilikuwa ya watu wote.

"Mapambo yale ni marumaru."
Ni chokaa, iliyofinyangwa kwa mtindo wa Kiajemi: maua, mitende, hata ndege, jambo linalowashangaza waliozoea nakshi za Kiislamu zisizo na viumbe. Usiyaguse. Jasho na mafuta ya mikono huacha madoa, na ncha za nakshi humeguka. Weusi unaouona ukutani ni kuvu wa unyevu. Kuziba nyufa kwa saruji ndiyo dawa mbaya kuliko zote: saruji haipumui, unyevu unakwama nyuma yake, kisha plasta ya chokaa inabanduka mabamba kwa mabamba.

"Mvua haiharibu safari, si uko ndani?"
Inaharibu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, sakafu huota ukungu na kuteleza. Vaa viatu vya soli yenye meno. Vyumba vya pembeni vina giza, chukua tochi. Mwanga mwingi huingia kwa vitundu vya kuba, kwa hiyo jua likiwa juu ndipo utaona nakshi vizuri.

"Lazima ukodi gari."
Daladala namba 502 hukufikisha Bububu. Kuingia ndani hadi Kidichi ni kama kilomita nne, kwa bodaboda au kwa miguu. Beba noti ndogo za kiingilio, na ufunike mabega na magoti, maana unapita katikati ya makazi ya watu. Ukibakiwa na muda, sogea Kizimbani, kwenye hamamu nyingine ya Sayyid Said. Haina nakshi hata moja, na wengi huipita. Sisi tunaona ndiyo inayofundisha zaidi: kuta zikiwa tupu, macho hayana budi kutazama ujenzi wenyewe.

"Nije na taulo?"
Acha nyumbani. Haogi mtu.