L'Anse aux Meadows: Matuta Mnayoyapita Ndiyo Nyumba Zenyewe

Kila majira ya joto, kituo cha kihistoria cha L'Anse aux Meadows kikifunguliwa kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Newfoundland, Kanada, lalamiko la wageni huwa lilelile: "Tumesafiri mbali hivi kuja kuangalia nyasi?" Hapana. Yale matuta mnayoyapita mbiombio ndiyo mabaki ya majengo manane ya Wanorse wa kale, yaani Waviking. Nyumba mnazoingia, zenye moto na watu waliovaa kizamani, ni nakala zilizojengwa ili muelewe. Sisi wafanyakazi wa kituo tunalieleza hili kila siku.

George Decker, mkazi wa hapo, ndiye aliyemwonyesha mvumbuzi wa Norwe Helge Ingstad matuta hayo mwaka 1960. Mkewe Helge, mwanaakiolojia Anne Stine, akaongoza uchimbaji kuanzia 1961 hadi 1968. Baadaye misingi ilifukiwa tena kwa makusudi, kwa sababu kuta zilikuwa za mabonge ya udongo wenye nyasi. Ukiyaacha wazi, mvua na barafu huyamaliza.

Wanaotafuta dhahabu watusikilize: hapa zimetoka pini ya shaba, kijiwe cha kusokotea uzi, misumari na vipande vya mbao. Mbao hizo zilikatwa kwa chuma. Dhoruba ya jua ya mwaka 993 iliacha alama ndani ya pete za miti, ambazo huongezeka moja kila mwaka, hivyo wataalamu walihesabu kutoka pete hiyo hadi kwenye gome, wakapata kwamba miti hiyo ilikatwa mwaka 1021. Kipande kama hicho kikiishia mfukoni mwa mgeni, ushahidi wote umekwenda.

Kwa hiyo ukiona kitu, usikiokote, usikifute udongo, wala usituletee ofisini ukidhani umetusaidia. Kiache kilipo, kipige picha, kariri mahali, kisha mwite mfanyakazi aliye karibu. Tunahitaji kujua kililala wapi, kina gani, karibu na nini. Droni nayo hairushwi bila kibali. Faini yaweza kufika dola 25,000 za Kanada, na kusema hukujua hakukuondolei kosa. Omba kibali kabla ya safari, si ukiwa getini.

Mkifika, vukeni kijito. Ng'ambo kuna mahali ambapo wengi hawasimami. Hapo mhunzi aliyeyusha madini ya chuma yaliyotoka kwenye kinamasi cha jirani, akaacha mkaa na mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki chuma kikiyeyushwa. Hakuna mahali pa zamani zaidi panapojulikana Amerika Kaskazini ambapo chuma kiliyeyushwa.