Kifaranga aliyedumaa: tunayoambiana Ujiji na yaliyo kweli

Tetea wangu aliangua vifaranga kumi na mmoja. Wiki tatu baadaye kumi walikuwa wanaparua uani na manyoya ya mabawa yameshatoka, ila mmoja alikuwa vilevile kama ametoka kwenye yai juzi. Mabawa yameanguka, macho nusu yamefumba, anasimama peke yake juani. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshapewa mashauri saba na wapita njia. Mengi hayakuwa kweli, na mawili yangemmaliza siku ileile.

"Kigoma hii na joto lake, moto wa nini tena?"

Hili nimelisikia hata kwa watu wenye kuku mia. Joto linalotutoa jasho sisi si joto la kifaranga. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35 pale alipo, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yakamilike. Usiku wa Juni na Julai hapa ziwani hushuka chini ya nyuzi 20. Mwenye afya hujibana chini ya mama yake. Aliyedhoofika husukumwa na wenzake, analala pembeni, na asubuhi mnasema amekufa ghafla.

Tena kifaranga aliyepoa hasagi chakula. Unaweza kumjaza, chakula kikabaki kimelala kwenye kile kifuko cha shingoni. Kwa hiyo mpashe moto kwanza, ndipo ufikirie kumlisha. Wangu nilimweka kwenye boksi, upande mmoja nikalaza dumu la lita tatu la maji ya moto lililovingirishwa kanga kuukuu, upande wa pili nikauacha wazi ili akizidiwa na joto asogee. Maji yanabadilishwa kila yakipoa, hata usiku wa manane. Ukimkuta anahema mdomo wazi, umezidisha. Akilia bila kunyamaza huku amejikunja, bado ana baridi.

Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa usithubutu. Hewa ya mkaa haina harufu, na haichagui kati ya kifaranga na mtoto aliyelala chumba hichohicho.

"Mpe rangi mbili"

Kile kidonge cha watu, tetrasaiklini, kifunguliwe kimwagwe kwenye maji. Hili ndilo shauri linalotolewa haraka kuliko yote, na mimi mwenyewe nimewahi kulifuata.

Dawa hiyo inaua bakteria. Mdondo, ule ugonjwa wengine wanauita kideri, unaletwa na kirusi, hauguswi nayo. Kuhara damu, yaani koksidiosi, kunaletwa na kimelea kingine kabisa kinachoishi kwenye utumbo, nacho hakijali rangi mbili. Na kifaranga wa wiki tatu hadi sita aliyejikunja, amesita kukua, kinyesi kina damu au kamasi ya kahawia, mtu wa kwanza kumshuku ni koksidiosi. Dawa yake ni kama amproliamu, inapatikana maduka ya dawa za mifugo, huwekwa kwenye maji ya kunywa kwa siku kadhaa kama pakiti inavyoelekeza.

Hapa pana jambo ambalo muuzaji mara nyingi hasemi. Amproliamu inafanya kazi kwa kumnyima kile kimelea vitamini B1. Sasa mtu anatoka dukani na amproliamu mkono mmoja na pakiti ya vitamini mkono wa pili, anavikoroga kwenye ndoo moja. Unampa adui chakula chake huku unampiga. Maliza dawa, ndipo uanze vitamini.

Na dawa peke yake haitoshi kama maganda ya mpunga sakafuni yameloa. Mayai ya kimelea hiki hukomaa kwenye unyevu na joto ndani ya siku moja au mbili, kifaranga akadonoa tena. Toa yaliyolowa, hasa kuzunguka chombo cha maji, kila siku.

"Anakula pumba kutwa, shida si chakula"

Hapa ndipo penyewe, kwa maoni yangu. Vifaranga wengi wanaoitwa wagonjwa katika mitaa yetu wana njaa ya protini. Kifaranga anataka chakula chenye protini karibu asilimia 20. Pumba za mahindi zina kama asilimia 10 hivi. Atakula, tumbo litajaa, mwili utabaki palepale. Mama yake akiwa huru angemfukulia mchwa na funza. Ukimfungia ndani, hiyo kazi umeichukua wewe.

Nunua chakula cha kuanzia cha vifaranga ukiweza. Ukikosa, sisi wa Kigoma tuna dagaa. Kilo moja ya unga wa dagaa kwa kilo nne za pumba hukufikisha karibu na kiwango hicho. Si chakula cha kudumu, kinakuvusha. Chagua waliokaushwa kwenye chanja. Walioanikwa chini wamebeba mchanga, unalipia uzito wa ufukwe. Waliotiwa chumvi waache kabisa, chumvi nyingi inaua vifaranga. Na ununue mapema: dagaa huvuliwa kwa taa, hivyo mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hawatoki sana, na bei pale mwalo wa Kibirizi, wanakoshushia samaki, unaijua.

Mahindi yaliyoota ukungu wa kijani, yale ambayo "si ya watu, yapelekwe kwa kuku", huwa na sumu kuvu, yaani sumu ya ukungu huo. Kifaranga ndiye anayeumia upesi kuliko kuku mkubwa, na dalili yake moja ni hiyohiyo ya kutokukua.

"Ukimlisha yai atazoea kula mayai"

Hapana. Kiini cha yai la kuchemsha kilichopondwapondwa ni chakula kizuri cha kumwamsha aliyekataa kula, kidogo kidogo, na kinachobaki kitolewe kabla hakijachacha. Kuku hujifunza kula mayai kwa kukuta yai bichi limepasuka kiotani.

"Vidole vimejikunja, amerogwa"

Vidole vikijikunja kwa ndani kama ngumi na kifaranga anatembelea vifundo, sababu inayojulikana sana ni upungufu wa vitamini B2. Ukiwahi, vitamini ya kwenye maji na maini kidogo yaliyochemshwa na kusagwa humnyoosha. Ukichelewa, mshipa wa fahamu huharibika na havirudi. Miguu inayopanuka huku na huku ni jambo jingine: mara nyingi ametembezwa juu ya gazeti au karatasi ya nailoni inayoteleza.

"Mnyweshe kwa nguvu"

Hili ni mojawapo ya yale mawili ya kuua. Tundu la pumzi la kuku liko nyuma tu ya ulimi. Ukimfungua mdomo na kumimina, maji yanaingia mapafuni. Weka tone ubavuni mwa mdomo, atalivuta mwenyewe. Maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo yanafaa kwa saa chache za mwanzo, si kwa wiki nzima.

La pili ni kubandua kinyesi kilichokauka nyuma. Loweka kwa maji ya vuguvugu, futa taratibu, mkaushe kabla hujamrudisha. Kwa kifaranga wa siku moja mbili angalia vizuri: kile kidude cheusi kilicho chini kidogo, upande wa tumboni, ni kitovu. Ukikivuta umemfungulia mlango wa maradhi.

"Pilipili na mwarobaini vinatibu mdondo"

Mdondo hauna tiba. Una chanjo ya matone, tone moja jichoni, unarudia kila miezi mitatu. Chanja wazima, huyu mgonjwa asubiri apate nguvu. Na vifaranga wakifa kwa mfululizo acha kubahatisha, mwite afisa mifugo wa kata, peleka mzoga ungali mbichi.

Wangu nilimwekea mwenzake mmoja mpole ndani ya boksi, kwa sababu kifaranga wa peke yake hulia mpaka anasahau kula. Kila jioni nilipapasa kifuko cha shingoni. Siku ya nne nilikikuta kimejaa.

Sasa ana miezi mitano, jogoo, mdogo kuliko dada zake. Bibi mmoja jirani anataka nimpe jogoo huyu apande tetea zake, eti aliyenusurika ana damu ngumu. Nimekataa. Kudumaa kwingine kunatokana na maradhi yanayopita kwenye yai, kama ule mharo mweupe, na anayepona huendelea kuubeba bila dalili yoyote. Sijampima. Atakaa uani mpaka Idi.