Mpira wa gofu una upande mzito? Fundi balansi nimeupima kwa maji ya chumvi

Mimi kazi yangu ni alaimenti na balansi ya matairi hapa Dodoma, na Jumamosi nikipata upenyo nabeba begi langu la gofu napanda SGR hadi Morogoro kupiga mashimo tisa, sasa kuna mteja wangu mmoja mzee wa gofu karudi safari na kimashine cha kubalansi mipira, akaona mtu wa kumletea ni mimi. "Fundi, wewe si ndo unabalansi magurudumu ya watu kila siku, hebu niambie hapa nimepigwa au sijapigwa?" Nikamwambia mzee wangu niachie wiki moja.

Chenyewe ni kikombe kidogo chenye mota ya betri. Unaweka mpira, unazunguka kwa kasi ya ajabu, baada ya muda unatulia, unagusisha makapeni unapata mstari umezunguka mpira mzima. Wanachosema ni kwamba kama kuna upande mzito basi utakimbilia nje ukae kwenye huo mstari, kwa hiyo ukiuelekeza mstari shimoni ule uzito unapanda na kushuka tu badala ya kuvuta mpira kushoto au kulia. Fizikia yake ni ya kweli kabisa, hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni huu. Mashine ya gereji inanipa vitu viwili: uzito umezidi WAPI na umezidi gramu NGAPI. Ikiwa ni chini ya gramu 5 ya kwangu inaandika sifuri, nafunga tairi mteja aende zake. Kimashine cha mzee kinakupa wapi tu. Na kibaya zaidi hata mpira ambao hauna tatizo kitauchorea mstari, kwa sababu makapeni haijui, ukigusisha inachora.

Nikaenda kwenye njia ya zamani, maji ya chumvi. Mpira wa gofu kwa sheria hauzidi gramu 45.93 na kipenyo chake hakipungui milimita 42.67, ukipiga hesabu ujazo ni kama sentimita za ujazo 40.7, so kwenye maji ya bomba unazama. Nikakata dumu, maji lita 4, chumvi ya mezani kilo nzima, nikakoroga mpaka mkono ukauma, mpira ukaelea. Weka na tone la sabuni ya maji, la sivyo mapovu yananasa kwenye vile vishimo vya mpira na kuugeuza, utadhani umepata upande mzito kumbe ni hewa. Unaweka nukta ya makapeni sehemu iliyobaki juu, unauzungusha, unaacha utulie: kama kuna upande mzito utashuka chini, na nukta itarudi juu kila mara.

Mipira mipya mitatu ilikuwa inajigeuza kivivu, nukta ikisimama popote. Kwenye kimashine nikaufuta mstari nikauzungusha upya, mstari wa pili ukaja kwingine kabisa, maana yake hamna kitu cha kutafuta pale. Mitano ya zamani niliyouziwa na vijana wanaookota majini, miwili ikarudi vilevile kila nikiigusa, chap, kama bata. Miwili hiyo nimempa mbwa.

Ila kabla ya kulaumu kiwanda, piga hesabu ya tope kwanza. Ukibandika tope la gramu 0.2 upande mmoja wa mpira, kitovu cha uzito kinasogea kama milimita 0.1, na kwenye grini (zile nyasi fupi zenye shimo) hiyo ni sawa na kuputi, yaani kuuviringisha mpira kuelekea shimoni, kwenye mteremko wa nusu asilimia hivi. Si kidogo! Kwa hiyo kabla hujanunua kimashine futa mpira kwa kitambaa, mimi nimeona watu wana mipira ya bei mbaya imejaa tope na wanalalamikia kiwanda.

Sasa linganisha na mkono wako. Shimo lina milimita 108, ukiwa mita 3 na uso wa pata (fimbo ya kuputia) umepinda digrii moja tu, mpira unafika umehama sentimita 5 na ushee, ambayo ni karibu nusu ya shimo. Nani kati yetu anapiga ndani ya digrii moja kila mara? Mimi hapana. Na tairi likitoka Dodoma kwenda Morogoro linapiga mizunguko zaidi ya laki moja likiwa limefungwa kwenye ekseli, kosa dogo linakutetemeshea usukani njia nzima. Mpira wa mita 3 unapiga mizunguko 22 hivi basi umefika, na haujafungwa popote.

Mipira ya zamani ilikuwa nyuzi za raba zimeviringishwa kwenye kiini, mingine kiini chenyewe kina maji, hapo kitovu cha uzito kuhama ilikuwa kawaida na chumvi ilikuwa na maana. Ya siku hizi kiini ni raba ngumu iliyobanwa kwenye moldi. Na usije ukawaza kubandika kitu kama sisi tunavyobandika risasi kwenye rimu, sheria za gofu zinakataza kuchezea mpira makusudi ili ubadilike. Kuchora mstari ruksa, na kwenye grini ukishaweka alama ukaunyanyua unaruhusiwa kuurudisha mstari ukiangalia shimo.

Mzee alivyorudi nikamwamkia nikampa majibu, akabisha. "Mbona tangu nichore naingiza?" Nikamwambia shikamoo tena mzee wangu, unaingiza kwa sababu sasa hivi una mstari wa kulengea, zamani ulikuwa unakisia. Nikachukua kizibo cha chupa ya maji, nikakishikiza kwenye mpira mpya, nikapitisha makapeni pembeni yake kipande kifupi tu. Akauangalia mstari wangu, akaangalia kimashine chake, akauliza kizibo kilikuwa cha maji gani.

Dumu bado liko nyuma ya gereji, mwenye mipira ya kuokota alete tupime, ila foleni ya matairi ndo inaanza.